Uzi maalum (mjadala) wa wakata miti: kamba, mikanda na karabina, tunavikaguaje?

Mringaringa (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za majukumu.

Masika yanakaribia na simu za wateja zimeanza. Mkaratusi umelalia ukuta wa jirani, grevilea imefika kwenye nyaya, mwembe unadondosha matawi makavu juu ya bati. Kila mwaka wakati kama huu nikikaa na vijana wa kazi hii gumzo ni la chensoo tu: ipi ina nguvu, cheni ya saizi gani, oili ichanganywe vipi. Kamba hakuna anayeiulizia. Cheni inanolewa kila asubuhi, ila kamba iliyobeba roho ya mtu imetupwa nyuma ya Canter pamoja na dumu la petroli, betri bovu na mfuko wa saruji uliotoboka. Naomba hapa tuzungumzie kamba na vyombo vya kupandia peke yake.

Naanza na ninachokiamini kuliko vyote, mnipinge mkitaka. Kamba usiyojua imepita wapi, usiipandie hata kama inang'aa. Macho na vidole vinaona sehemu tu ya ubaya wa kamba. Sehemu nyingine iko kwenye historia yake, na historia haionekani kwa kutazama.

Chukulia maji ya betri. Kamba nyingi za kupandia zina nailoni, na nailoni na tindikali haziivi chungu kimoja. Tone dogo, au hata mvuke kwenye buti la gari lililofungwa, unaweza kuila kamba na rangi isibadilike. Unaishika iko laini, safi, inapendeza, kumbe imekwisha. Polista inavumilia tindikali zaidi, lakini yenyewe haipatani na magadi makali, na vumbi la saruji ni la kundi hilo. Kwa hiyo ile Canter niliyoisema inaua za aina zote mbili.

Sasa ukaguzi wenyewe. Kabla ya kupanda naipitisha kamba yote mkononi, ncha hadi ncha, bila glovu, maana glovu inaficha. Mkono mmoja unavuta, mwingine unabana kidogo, macho yanafuata. Natafuta mahali palipo laini kuliko kwingine, palipokakamaa kama kijiti, palipovimba, palipobonyea. Nikipata penye shaka nakunja hapo kitanzi kidogo. Kamba nzima hukunjika kwa duara. Iliyokatika moyo, yaani nyuzi za ndani, inavunjika kona kali na pande zake mbili zinalala zikigusana. Ikifanya hivyo hakuna mjadala, kata hapo au iondoe kazini.

Manyoya juu ya ganda yasikutishe, kamba iliyofanya kazi lazima iote manyoya, na yanasaidia hata kuikinga. Kinachotisha ni uzi uliokatwa, na mahali palipong'aa kama plastiki iliyopigwa pasi. Pale pameyeyuka. Unashuka kwa pupa, lile fundo la breki linalokushikilia kwenye kamba linasugua, joto linapanda, nyuzi zinagandana. Ukipapitisha kucha panakwaruza.

Halafu ujue nguvu ya kamba yako imekaa wapi, kwa sababu ndiyo inayoamua jeraha lipi ni kubwa. Zile kamba za wakata miti zenye ganda la nyuzi 16 nguvu yake nyingi iko kwenye ganda, cha ndani kipo zaidi kuifanya ibaki duara. Zilizosukwa mara mbili, ganda na moyo vinagawana mzigo karibu nusu kwa nusu. Zile za mapango na za kazi za minara, ganda ni koti tu, moyo ndio unaobeba. Sasa mtu anakwambia "imechanika juu tu, ndani nzima." Kwenye kamba ya nyuzi 16 hiyo "juu tu" ndiyo kamba yenyewe.

Vingine nitavileta kadiri mnavyouliza. Karibuni.

Fundi Shoka:

Mkuu umeandika vizuri, ila nyie mnaongea kama watu wenye hela. Mimi nimekata miti Dar hii tangu Mbezi ni mikorosho mitupu, na kamba yangu ni ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya buluu. Nafunga kiunoni, nafunga juu, napanda. Muuzaji kaniambia nailoni orijino. Mkanda wenye mapaja sijawahi kuvaa na niko hapa naandika. Babu zetu walipanda minazi na kamba za makumbi, hakuna aliyekuwa na daftari la historia.

Mringaringa:

Shikamoo mzee wangu, heshima yako. Siji kubishana na miaka yako kazini, naomba ufanye kitu kimoja ambacho hakina gharama. Kata kipande cha hiyo kamba, urefu wa kidole, kifunge uzi kisifumuke, kikandamize ndani ya ndoo ya maji hadi hewa itoke, kisha kiachie. Nailoni inazama. Polista inazama. Polipropilini inaelea.

Ikielea ujue umeuziwa plastiki ya kamba za kuvulia na kufungia mizigo. Ina nguvu ikiwa mpya, lakini jua la kwetu linaila upesi, inaanza kumwaga unga na vijisindano vya plastiki mkononi. Na inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu hivi, wakati nailoni inapita 215. Msuguano wa kamba juu ya tawi ukiwa na mtu mzima unaning'inia si mchezo.

Ila kuzama peke yake si cheti. Ziko nailoni nyingi za kufungia mizigo ambazo hazikutengenezwa kubeba mtu.

Sheha wa Makumbi:

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, ukoo wetu ni wakwezi, naomba niliseme hili la makumbi kwa sababu kila mara linatiwa mdomoni mwetu.

Mkwezi haning'inii kwenye kamba. Ile kamba ya miguuni inabana nyayo zishike shina, uzito uko miguuni na mikononi. Ikikatika, mkwezi anakumbatia mnazi wake anateremka na michubuko. Nyie mnakaa juu ya kamba, mnaachia mikono yote miwili mkate. Ni kazi mbili mbali kabisa, Fundi Shoka ndugu yangu usizichanganye. Na babu hao hao walioanguka hawapo kuja kuandika hapa.

Na hata kamba ya makumbi ilikuwa na ukaguzi wake. Mzee alikuwa anaipinda kinyume na msokoto ifunguke, anatazama ndani. Ikitoa unga au harufu ya uvundo, inakwenda kufungia mbuzi.

Mringaringa:

Wa alaykum salaam Sheikh. Hilo la kuipinda kinyume lifanyeni pia kwa kamba yoyote iliyosokotwa kwa nyuzi nene tatu, iwe katani, iwe nailoni. Katani huoza kuanzia ndani, nje inabaki inatamanika. Watu wa Tanga mtanisamehe, mkonge ni wetu na tumeulima tangu 1893 alipouleta Hindorf, lakini kamba ya katani ya unene ule ule haifikii hata nusu ya nguvu ya nailoni, na ikinyeshewa ikaanikwa ikanyeshewa tena ndiyo basi.

Kifuu Nairobi:

Sasa wakubwa. Mimi niko Nairobi, tunapunguza miti kwenye mitaa ya Karen na Runda, jakaranda na mikaratusi kwa wingi. Swali langu ni la mtumba. Kuna jamaa analeta kutoka Ulaya kamba na mikanda ya kupandia milima, bei ni ya kutupa, na ukiangalia iko fiti kabisa. Kamba moja ina rangi safi hata haijachafuka. Nichukue ama niache?

Mringaringa:

Ndugu yangu, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kwanza uliza kamba ya mtindo gani. Kamba za kupandia miamba nyingi ni zile zinazovutika, zimeundwa zinyooke mtu akianguka zimpokee polepole. Kwenye mti zinakuchosha, unapanda unarudi chini kama uko kwenye lastiki, na fundo linasugua sehemu ileile. Kazi yetu inataka kamba isiyovutika sana. Kwa viwango vya Ulaya tafuta EN 1891, aina A. Hiyo ikiwa mpya lazima ishike kilonyutoni 22, yaani uzito wa tani 2 na ushei, na ikiwa imefungwa ncha zake ishike 15 kwa dakika 3. Wamarekani wao kanuni yao ya Z133 inataka kamba ya mkata miti ishike ratili 5,400, ambazo ni kilonyutoni 24.

Sasa siri ya EN 1891 ambayo wauza mtumba wengi hawaijui. Ndani ya kamba, katikati ya moyo, inapita tepu nyembamba ya plastiki kutoka mwanzo hadi mwisho. Imeandikwa mtengenezaji, kiwango, malighafi na mwaka, na maandishi yanajirudia ndani ya kila mita. Mwombe akate ncha kidogo, vuta tepu, soma. Ukikuta ni ya 2009 utajua kwa nini bei ni ya kutupa. Watengenezaji wengi wa vyombo vya kupandia, kampuni ya Petzl ikiwemo, wanaweka ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa kwa vitu vya nyuzi na plastiki hata kama vilikaa stoo. Vyuma havina ukomo wa miaka.

Na ukikuta mwaka ni mzuri bado hujajua kitu kikubwa zaidi: ilivuta gari? Ililala kwenye gereji karibu na betri? Ilimpokea mtu aliyeanguka? Kwa nini mwenyewe kaitoa? Ulaya mkaguzi akiikataa kamba inatakiwa ikatwekatwe, lakini si kila mtu ana moyo wa kukata kamba inayong'aa, anaitupia kwenye furushi. Mimi mkanda na kamba za mtumba sinunui. Karabina, zile pete za chuma zenye mlango, na kapi za mtumba naweza, kwa sababu chuma kinasema mengi ukikitazama vizuri.

Kifuu Nairobi:

Nimekupata. Na hiyo chuma inasema nini? Nifunze hapo kwa karabina.

Mringaringa:

Fungua mlango wake, uachie. Lazima urudi wenyewe hadi mwisho na kufuli lijifunge lenyewe, bila kusukumwa na kidole. Rudia mara nyingi, geuza juu chini, kwa sababu vumbi hukaa upande mmoja. Mlango unaosuasua si wa kupandia mpaka uoshwe. Chovya kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, chezesha mlango ndani ya maji, suuza, kausha, halafu weka kilainishi kikavu kidogo sana. Oili ya injini usiweke. Inalainisha asubuhi, mchana imeshakusanya vumbi jekundu lote la Arusha.

Pitisha kidole sehemu kamba inapopita. Mfereji ukifika milimita 1 hivi, iache. Kingo kali inakula kamba kila siku bila wewe kujua. Angalia ripiti ya mlango kama imelegea, angalia pua ya mlango kama inakaa sawasawa kwenye kitako chake. Ikiwa imepinda hata kidogo, hainyooshwi kwa nyundo.

Na kwa kujiunga mwenyewe tumia zile zinazojifunga zenyewe, zinazotaka vitendo viwili vitatu kufunguka. Ile ya kuzungusha nati kwa mkono inafunguka yenyewe ikisuguana na gome na matawi, nimeshaiona imefunguka juu ya mti na mwenyewe anakata bila wasiwasi.

Sheha wa Makumbi:

Huku kwetu adui ni chumvi. Hata usipogusa bahari, upepo unaileta. Vyombo vya alumini vinaota unga mweupe, springi ya mlango inakufa. Sie tunaosha kwa maji ya kisima matamu kila tukimaliza kazi ya ufukweni. Maji ya chumvi ya kisima cha pwani hayafai, unasuuza chumvi kwa chumvi.

Binti Mbegu:

Habari zenu kaka zangu na wazee. Nasoma tu kimya kimya, ila acha nichangie. Mimi niko Morogoro, kazi yangu ni kukusanya mbegu za miti. Tunakwea mikangazi, mivule, misindano, miti mirefu kweli, na matunda yako nchani. Mti wa mbegu hatutaki kuujeruhi, kwa hiyo vile vyuma vyenye meno vya miguuni hatuvai. Tunarusha uzi wenye kifuko cha uzito hadi tawi, tunavuta kamba, tunapanda kwa kamba. Maana yake kamba yetu inakula msuguano wote, na utomvu wote.

Kuosha kamba watu wanaogopa, lakini kamba chafu inajikata yenyewe. Mchanga unaingia hadi ndani, ukikaa juu ya kamba kila chembe inasaga nyuzi. Mimi natumia beseni kubwa, maji yasiyozidi nyuzijoto 30, sabuni ya maji isiyo kali. Jiki marufuku. Sabuni ya unga yenye kuweupesha nguo naiacha pia. Natia kamba taratibu, naikamua kwa mkono, nabadilisha maji mpaka yawe meupe, ndipo nasuuza sana. Mashine ya kuoshea magari kwa presha usiisogeze, inasukuma mchanga uende ndani zaidi.

Kuanika ni kivulini penye upepo. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanaitandaza juu ya bati saa saba mchana. Jua linaila nailoni, na bati linaipika. Acheni ichukue siku mbili kivulini, haina haraka.

Utomvu wa msindano hautoki kwa sabuni. Nikiwahi ukiwa mbichi naufuta, ukishakauka naukwangua kwa kucha na kuuacha. Petroli na thina sigusi. Ila sehemu yenye utomvu inashika fundo ghafla wakati wa kushuka, kwa hiyo uijue iko wapi kabla hujaondoka juu.

Mringaringa:

Dada umemaliza. Niongeze moja tu kwa ajili ya masika: nailoni ikilowa inapoteza kama asilimia 10 hadi 15 ya nguvu yake, ikikauka inarudi. Na fundo linabadilika tabia kamba ikilowa, hivyo lijaribu chini kabisa, jining'inize nusu mita kutoka ardhini, ndipo upande.

Kijana wa Nguzo:

Wakuu mimi nafanya na timu ya kusafisha njia za umeme. Tunatumia ule mkanda wa kuzungushia mti wenye waya wa chuma ndani. Kuna mtu anasema ukiwa nao msumeno hauwezi kukukata. Kweli?

Mringaringa:

Uongo wa hatari. Waya unasaidia dhidi ya msumeno wa mkono na panga, basi. Chensoo inaupita. Na kwa kazi yako wewe ni ubaya mwingine: huo ni waya, unabeba umeme. Hata kamba ya kawaida ikilowa au ikiwa na vumbi la chumvi usiihesabu kuwa kinga. Wamarekani kwa mtu asiye fundi wa umeme wanaweka futi 10, mita 3 na kidogo, mbali na nyaya za kawaida za mtaani. Kamba inayoning'inia chini yako nayo ihesabu, upepo ukiipeleka kwenye waya ni wewe umegusa.

Nikiwa kwenye panga, niseme hili. Vitabu vya wenzetu vinaogopesha watu kwa chensoo, lakini huku kwetu kinachokata kamba ni panga na msumeno wa mkono. Kamba iliyokaza kwa uzito wa mtu ikiguswa na meno ya msumeno inafunguka kama imesubiri. Siafu au nyuki wakikuvamia unarusha panga ovyo, na kamba iko palepale mbele ya goti lako. Ndiyo maana unapokata lazima uwe umeunganishwa sehemu mbili: kamba ya kupandia na mkanda wa kuzunguka tawi, kila mmoja kwa njia yake. Na ukimaliza tawi, kabla ya kuhama, tazama kamba pale panga lilipopita.

Mkaa Kent:

Nawasalimu kutoka Uingereza. Nafanya kazi hii huku, uzi umenikosha. Niwape picha ya huku kidogo.

Sheria ya vyombo vya kunyanyulia ya 1998, wenyewe wanaiita LOLER, inataka chombo chochote kinachobeba mtu kikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6, kwa maandishi. Kamba, mkanda, karabina, kila kimoja kina namba yake. Mkaguzi wetu akikuta lebo ya mkanda haisomeki anaukataa hapo hapo, hata kama nyuzi zote ni nzima, kwa sababu hajui anakagua nini. Mwanzoni niliona ni urasimu. Sasa naona ndilo lile lile alilosema Mringaringa kuhusu historia, tofauti huku limetiwa kwenye karatasi.

Ila msidhani karatasi inatosha. Miezi 6 ni mingi. Kamba inaweza kukatwa saa nne asubuhi baada ya kukaguliwa saa tatu. Ukaguzi wa kweli ni wa mpandaji mwenyewe, kila asubuhi.

Sehemu mbili ambazo naona watu wanazisahau. Ya kwanza ni daraja la mkanda, kile kipande cha kamba mbele ya kiuno ambacho pete yake inateleza kushoto na kulia. Uzito wako wote uko pale na pete inasugua siku nzima. Kwenye mikanda mingi linabadilishwa peke yake, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na mkanda. Ya pili ni kamba ya fundo la msuguano, iwe prusiki au fundo lingine la familia hiyo. Hiyo ndiyo breki yako, na kama breki inalika. Ikianza kung'aa na kukakamaa haitashika sawa. Nunueni zenye ganda la aramidi, nyuzi zinazostahimili joto, haliyeyuki, na mbadilishe mara kwa mara, msingoje hadi mtu aulize. Msije mkafunga fundo la Dyneema tupu, zile nyuzi za kisasa za plastiki, kwenye msuguano. Ina nguvu ya ajabu lakini inayeyuka karibu na nyuzijoto 150, na inateleza.

Kijana wa Nguzo:

Asante wakubwa. Na je, bosi akiwa na mkanda mmoja na sisi tuko watatu, tunapokezana? Kwetu ndivyo ilivyo, na daftari hakuna. Asubuhi unaukuta umelowa, hujui jana nani kautumia wala kautumia wapi.

Mringaringa:

Kupokezana si dhambi kama anayepanda ni mmoja kwa wakati. Dhambi ni kutoandika. Nunueni daftari, liwe la kwenu, si la bosi. Kila chombo ukurasa wake: kilinunuliwa lini, mwaka ulio kwenye lebo, nani kakitumia leo, mti gani, kimeanguka, kimelowa, kimeoshwa, kimekatwa ncha. Mistari miwili inatosha. Kamba ifungwe tepu ya rangi kwenye ncha, msiandike kwa peni ya wino mzito katikati ya ganda, hamjui ule wino una kemikali gani.

Na kabisa kabisa, kamba ya kupandia isishushe magogo. Gogo likidondoka na kukamatwa na kamba linapiga mshtuko mkubwa kuliko mtu yeyote wa timu yenu. Kamba inanyooka, ganda linahama juu ya moyo, na hakuna atakayekiona. Rangi mbili tofauti: nyekundu watu, njano magogo, au mnavyopenda, ila timu nzima ikubaliane. Na jirani akija kuazima avute Noah yake iliyozama kwenye tope, mpeni ya magogo au mwambieni hamna. Kamba ya kupandia ikishavuta gari hairudi juu ya mti.

Fundi Shoka:

Nimefanya ile ya ndoo. Imeelea.

Nimemfuata muuzaji, anacheka tu, anasema "mzee kwani ulitaka ya kuogelea?" Sawa. Sasa nisaidieni wanangu, sina hela ya kununua vyote kwa mpigo. Naanza na nini?

Mringaringa:

Mzee wangu asante kwa kujaribu, wengine wangesoma wakapita.

Kwa kuwa anayepanda ni wewe au kijana mmoja, anza na seti moja. Ningeanza na mkanda mpya wa kiuno na mapaja wenye lebo, kamba moja mpya ya EN 1891 aina A ya milimita 11 hadi 13, mkanda wa kuzunguka tawi, kamba mbili za fundo, karabina tatu zinazojifunga. Kama ni lazima kitu kisubiri, kapi zisubiri, na kile kitanzi cha kukinga gome kisubiri pia ingawa kinaongeza maisha ya kamba sana. Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevu isisubiri.

Usinunue kamba ndefu kwa sababu ya sifa. Pima mti wako mrefu wa kawaida, zidisha mara mbili maana kamba inapanda na kushuka, ongeza kidogo. Kisha funga fundo la kuzuia kwenye ncha kila siku, kwa sababu kamba inafupika kila unapokata ncha iliyochoka na watu wanasahau. Ncha ndizo zinazolika kwanza. Geuza kamba, leo upande huu, mwezi ujao upande ule, italika kwa usawa.

Kuhifadhi: itundike ndani ya mfuko wa kitambaa, mbali na jua, mbali na sakafu, mbali na panya. Panya wanapenda nailoni yenye chumvi ya jasho, sijui wanaipendea nini.

Fundi Shoka:

Sawasawa. Na hii ya buluu niishushie magogo?

Mringaringa:

Hapana mzee. Kushusha magogo ndiko kwenye msuguano mkubwa zaidi, kamba inazungushwa shinani na kuachiwa ikiwa na mzigo, itayeyuka mkononi mwa kijana wako. Iache iburuze matawi hadi kwenye gari, au uifunge turubai. Ila ikate vipande vya mita mbili mbili kwanza, maana ikibaki nzima stoo kuna siku utakuwa hupo, na kijana ataiona ni kamba.